Chemko: kwa nini wimbo wa mapenzi wa Sikinde una nusu mbili

Mtu anayesikia dansi la Dar es Salaam kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba maneno yanakwisha mapema. Mwimbaji anamlilia mpenzi wake kwa dakika tatu au nne, wenzake wanamwitikia, na kabla msikilizaji hajajua kama penzi limepona au limekufa, magitaa yanabadili mchezo, dramu zinakaza mwendo, wapulizaji wanainuka, na kisa kinaachwa palepale. Zinabaki dakika nyingine nyingi za kucheza, pengine na kijineno kimoja tu kinachorudiwarudiwa hadi mwisho.

Nusu hiyo ya pili wanamuziki wanaiita chemko. Wengi huichukulia kama nyongeza: wimbo umekwisha, sasa tuserebuke. Naona kinyume. Chemko ndiyo inayoonyesha namna nyimbo za mapenzi za jiji hili zilivyotengenezwa katika miaka ya 70 na 80. Sehemu ya kwanza mtunzi aliweza kuitunga chumbani kwake. Ya pili ilitungwa ukumbini, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na watu hao walikuwa na sauti katika utunzi.

Tuchukue mfano ulio masikioni mwa wengi: "Neema", utunzi wa Cosmas Thobias Chidumule akiwa na Mlimani Park Orchestra. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi iliyojulikana kwa kifupi TTTS, ikapata jina lake kutokana na baa ya Mlimani Park, upande ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mtindo wake ukaitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na bendi ikajinadi kuwa ndiyo ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Waliokusanyika pale hawakuwa wanafunzi. Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka walitoka Juwata Jazz. Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Michael Enoch walitoka Dar International, bendi ya mwimbaji Marijani Rajab. Enoch, ambaye wenzake walimwita King, alikuwa amekwisha jijengea jina kwa gitaa la solo tangu enzi za Dar Jazz, kisha akahamia kwenye saksafoni na tarumbeta. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mipangilio ya Sikinde.

Kabla ya kuingia katika mpangilio wenyewe, turudi nyuma kidogo, maana miaka michache kabla ya Sikinde vijana wa Dar walikuwa na wimbo mwingine wa mapenzi uliowashika: soul ya Marekani. Bendi za vijana zilipiga nyimbo za James Brown na wenzake, na madansa ya mchana yakajaa wanafunzi. Tarehe 1 Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba ya mwaka huohuo uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ukapiga marufuku muziki wa soul. Hoja ilikuwa ya utamaduni wa taifa na ya maadili ya vijana, hasa wasichana wa shule.

Marufuku hiyo kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha siasa. Kwa mchambuzi wa muziki kuna jambo la kiufundi la kuliangalia. Soul ya mapenzi ilikuwa na umbo lake, na mfano mzuri ni "Try a Little Tenderness" kama alivyourekodi Otis Redding mwaka 1966 katika studio ya Stax, mjini Memphis. Wimbo wenyewe ni wa mwaka 1932, na wengi walikuwa wameuimba taratibu mwanzo hadi mwisho. Otis na bendi ya Booker T. & the M.G.'s waliugeuza. Unaanza na vyombo vya kupuliza kwa upole, mwimbaji karibu anaongea. Kisha mpiga dramu Al Jackson anaanza kugonga ukingo wa ngoma kwa mwendo wa saa, sauti ndogo inayoashiria kwamba jambo linakuja. Vyombo vinaingia kimoja baada ya kingine, joto linapanda, na mwishoni Otis hana tena sentensi kamili: ana vipande vya maneno, anapiga kelele, anakanyaga sakafu. Kisa kimekwisha zamani, kilichobaki ni hali ya mwili wa mtu aliyependa.

Hiyo ni chemko. Sidai kwamba Sikinde waliinakili Memphis. Mizizi ya chemko iko karibu zaidi: iko katika rumba ya Kongo na sebene yake, yaani sehemu ya magitaa na kucheza, katika rekodi za Kikuba zilizofika pwani tangu kabla ya uhuru, na katika ngoma zetu ambazo kila mtoto wa Kizaramo anajua kwamba zina wakati wa kuimba na wakati wa kuzama. Ninachosema ni kwamba kazi ambayo soul iliwafanyia vijana wa 1969, ya kuanza na maneno na kuishia kwenye jasho, haikutoweka baada ya marufuku. Dansi la Kiswahili lilikuwa na umbo linaloweza kuifanya kazi hiyo, na lilikuwa na ruhusa.

Sasa mpangilio. Bendi ya namna ya Sikinde ilikuwa na magitaa matatu ukiacha besi: solo, rithim na sekondi solo. Rithim hushika mkufu wa wimbo, kipande kifupi kinachojirudia bila kuchoka. Sekondi solo hukaa katikati, hujaza nafasi ambazo rithim imeziacha, kwa noti chache zinazopishana nayo. Solo ndilo huzungumza na mwimbaji: yeye akimaliza mstari, solo humjibu. Besi la dansi haligongi kila pigo. Huacha mianya, huingia kwa noti mbili tatu nzito, hunyamaza, kisha hurudi pale usipolitarajia. Nyuma yake ziko dramu na tumba, na mbele ni kikosi cha kupuliza.

Katika nusu ya kwanza vyombo hivi vyote vinafanya kazi moja, ya kulinda maneno. Sikiliza "Neema" kwa sikio la fundi utaona jinsi kila chombo kinavyompisha mwimbaji. Wapulizaji huja kwenye utangulizi na katikati ya beti, na mtu anapoimba wanarudi nyuma. Dramu hukaa kwenye ukingo na kwenye visahani. Hata besi huwa la adabu. Mpangilio unadhani kwamba watu wanasikiliza hadithi, kwa hiyo unasogeza kila kitu pembeni ili jina la mwanamke na sababu ya kilio visikike hadi meza ya mwisho.

Kisha huja daraja. Mara nyingi ni dalili ndogo tu: dramu zinapiga mkunjo mmoja, au wapulizaji wanatoa tamko fupi la pamoja, na rithim inaacha mkufu wa kwanza na kuchukua mwingine, mfupi na mkali zaidi. Kuanzia hapo uongozi unahama. Mwimbaji anakuwa mwitikiaji. Kipande cha wapulizaji ndicho kinachokuwa ubeti, na sauti za watu zinajibu kwa neno moja au mawili. Mpiga tumba, aliyekuwa mtumishi dakika nne zilizopita, sasa ndiye anayeamua mwendo wa viuno. Solo linapanda juu ya shingo ya gitaa na kukaa huko.

Kwa nini umbo hili? Jibu la kwanza ni ukumbi na hesabu zake. Dansi lilikuwa biashara ya kiingilio na bia. Bendi iliyokaa jukwaani tangu jioni hadi usiku mkubwa ilihitaji nyimbo zinazotumikia watu wa aina mbili kwa zamu: waliokaa na waliosimama. Nusu ya kwanza ni ya meza. Mtu anasikiliza, anamkonyeza mwenzake kwa sababu mstari umemgusa, anaagiza nyingine. Nusu ya pili ni ya sakafu. Wimbo wa dakika tatu usingetosha, maana watu wangekuwa ndiyo kwanza wanavuta viti nyuma, nao umekwisha.

Jibu la pili ni mtawanyiko wa kumbi zenyewe. Jiji lilikuwa na wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na bendi zilizunguka kote: DDC Kariakoo, DDC Magomeni Kondoa, DDC Keko, Vijana Social Hall na Lang'ata kule Kinondoni, TCC Chang'ombe upande wa Temeke. Wimbo mpya uliletwa mazoezini na mtunzi ukiwa na maneno na sauti yake. Wapiga magitaa walitafuta mikufu, wapulizaji wakatungiwa vipande vyao, kisha ukaingizwa katikati ya usiku wa dansi bila kelele nyingi. Sehemu ya maneno ilikwisha kupangwa. Chemko iliachwa wazi. Kama Keko waling'ang'ania kipande fulani cha tarumbeta wakagoma kukaa, kipande hicho kilirudiwa, na wiki iliyofuata Kinondoni kilikuwa sehemu halali ya wimbo. Kama kipande hakikuinua mtu, kilikufa hapohapo. Ndiyo maana nasema wachezaji walikuwa watunzi wenza. Hawakulipwa kwa hilo. Badala yake wao ndio waliolipa mlangoni.

Jibu la tatu ni redio. Katika miaka hiyo Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake Bara, na hakukuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri nchini. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, ukaja kufunguliwa 1983. Njia ya kuifikia nchi nzima ikawa studio za RTD, Barabara ya Pugu. Pale bendi nzima iliingia na kupiga kwa pamoja, moja kwa moja kwenye mkanda. Hakukuwa na mtindo wa leo wa kurekodi dramu Jumatatu, sauti Alhamisi, kisha fundi akakata na kubandika. Mizani ya sauti ilipatikana kwa kuweka maikrofoni mahali pake na kwa kila mpigaji kujua lini ashuke. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo.

Hapo faida ya kuuzungusha wimbo kumbini ilionekana. Bendi ilifika studio ikiwa imeupiga wimbo mara nyingi mbele ya watu, na mpangilio wenye nusu mbili ulikuwa mikononi mwao. Daraja la kuingia chemko halikuhitaji kuhesabiwa kwa sauti, kila mmoja alilijua kwa mgongo wa mwenzake. Uzuri wa rekodi za RTD ambao wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walikuja kuusifu, kiasi cha lebo ya Africassette ya Marekani kutoa mkusanyiko wa Sikinde katika miaka ya 90, chanzo chake ni mazoezi hayo ya hadharani. Mitambo ilikuwa ya kawaida. Watu ndio waliokuwa tayari.

Redio ilikuwa na masharti mengine pia. Mashairi yalipitiwa na kamati kabla ya kurekodiwa, na maneno machafu au ya kuchokoza wakubwa yalikwama mlangoni. Kwa wimbo wa mapenzi sharti hilo lilikuwa na matokeo mawili. Kwanza, watunzi walishikilia mafumbo na methali: "Mtoto Akililia Wembe" ni kichwa ambacho kila Mswahili anajua kilichobaki kusemwa. Pili, mambo ya mwili, ambayo soul ya Marekani iliyasema waziwazi, yalihamishwa kutoka kwenye maneno yakapelekwa kwenye chemko. Kamati inaweza kukata mstari. Haiwezi kukata namna tumba linavyojibizana na besi.

Tukija kwenye visa vyenyewe, mapenzi ya dansi ni ya watu wanaoishi wakiwa wamebanana. Sikinde wana wimbo unaoitwa "Majirani Huzima Redio". Aliyewahi kupanga chumba Manzese, Keko au Mtoni haulizi kwa nini. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, mume na mke wakianza kugombana, majirani huzima redio wasikose neno. Soul ya Memphis humweka mpenzi mmoja mbele ya maikrofoni na moyo wake. Dansi humweka mpenzi mbele ya ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta kuna wasikilizaji. Umbo la muziki linalingana na hali hiyo: mmoja analalamika, kundi linajibu, na baada ya muda kundi ndilo linaloshika usukani. Kwa Otis joto la mwisho ni la mtu mmoja. Kwa Sikinde joto la mwisho ni la nyumba nzima.

Sauti nazo ziligawanywa kwa hesabu. Bitchuka, ambaye mashabiki walimpachika jina la Super Stereo, ana sauti nyembamba, safi, inayopita juu ya wapulizaji bila kulazimisha. Gurumo alikuwa na sauti nzito yenye mchanga ndani yake. Ukiziweka pamoja kwenye kiitikio unapata ya juu inayong'aa na ya chini inayoishikilia isipeperuke. Na kwa kuwa bendi nyingi zilikuwa na wanaume watupu mbele, wanaume waliimba hata nafasi ya mwanamke: katika "Mume Wangu Jerry" anayezungumza ni mke, ilhali waimbaji ni wanaume, na ukumbi haukuona ajabu. Vijana Jazz, wenyeji wa Kinondoni, walilitatua jambo hilo kwa njia nyingine walipompandisha mwimbaji wa kike Kida Waziri jukwaani kando ya Hemed Maneti. Malumbano ya wapenzi yakawa malumbano kweli, mwanamke akijibu kwa kinywa chake. Bendi hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza, katika miaka ya 80, kuingiza kinanda na dramu za umeme kwenye dansi, na chombo kimoja kikaanza kufanya kazi ya watu wanne.

Hapo ndipo nusu ya pili ilipoanza kupungua. Mwaka 1994 redio binafsi zikaingia, kompyuta zikafuata, na mashirika yaliyomiliki bendi, ya bima, ya usafiri, ya vijana wa chama, hayakuwa tena na fedha za kununua magitaa na kulipa mishahara ya wapulizaji watano. Kijana wa uswahilini aliyetaka kuimba mapenzi katika miaka ya 2000 hakupata bendi ya kujiunga nayo. Alilipia saa za studio, au alitafuta mtu wa kumlipia.

Diamond Platnumz wa Tandale ndiye mfano unaojulikana kuliko yote. "Kamwambie", alioutengeneza kwa prodyuza Bob Junior katika Sharobaro Records, ulimpatia tuzo katika Kili Music Awards za 2010, na kundi mojawapo uliloshindania lilikuwa la R&B, mtoto wa soul ileile iliyofukuzwa 1969. Kiufundi mwendo umegeuka juu chini. Mdundo hutengenezwa kwanza na prodyuza mmoja mbele ya skrini, sauti huwekwa juu yake, wimbo unakwenda redioni, na ukumbi unaupokea ukiwa umekwisha kamilika. Kazi iliyofanywa na chemko inafanywa na kiitikio: kifupi, kinachorudi kila baada ya muda mfupi, kinachoshikika kichwani kwa mara moja. Jina la wimbo huo lenyewe ni agizo kwa mjumbe, na agizo linafaa kurudiwa. Huo ni ustadi wa kweli. Kuubana uchungu wa kuachwa ndani ya dakika nne, bila wapulizaji na bila sakafu ya kuujaribia, si kazi ya mtoto.

Lakini kuna kilichopotea, nacho kinaweza kutajwa bila kulilia zamani. Mashine inaweza kurudia mkufu wa rithim milele bila kukosea. Haiwezi kuona kwamba meza ya kona imesimama. Wimbo wa Sikinde ulikuwa na mahali palipoachwa wazi kwa makusudi ili watu wa Keko na Magomeni wapajaze, na palipojazwa pakabaki kwenye rekodi hadi leo. Wasanii wetu wa sasa wanapokwenda matamasha na bendi, mara nyingi bendi inaagizwa iige rekodi. Ingefaa wajaribu kinyume chake: waupige wimbo ambao haujarekodiwa, Mbagala wiki hii, Mwananyamala wiki ijayo, waache dakika tatu za mwisho bila maneno, na prodyuza asikae studio bali akae pale kwenye meza za nyuma akiandika ni kipande gani kilichowainua watu. Gharama yake ni mafuta ya gari na uvumilivu. Msondo Ngoma, iliyokuwa Juwata Jazz, na Sikinde wanaupiga mtindo huo hadi leo. Wa kuwauliza wapo.